Kikohozi cha Bi Mdogo

Wako watu wanaosema gari ni chuma tu, halina roho. Hao hawajawahi kuliomba lori liharibike mbele ya mtu, nalo likagoma kuharibika.

Bi Mkubwa alikuwa akiomba hivyo tangu karakana ilipofunguliwa asubuhi hiyo. Alisimama katikati ya banda, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi shingoni, akimtazama Bi Mdogo akinguruma taratibu bila hata chembe ya moshi. Injini ilikuwa na adabu kama mtoto aliyeitwa kusalimia wageni.

"Kohoa basi!" alimwambia huku ameuma meno. "Juzi mlimani ulikuwa unakata roho. Leo umeona watu ndiyo umepona?"

Mkaguzi, binti mwembamba mwenye koti jeupe na kalamu sikioni, alichomoa waya wa kompyuta yake ya kupimia, akatikisa kichwa.

"Mama, mimi sioni ugonjwa. Nozeli zote zinapuliza dizeli sawa."

"Zinakudanganya hizo."

"Inawezekana. Lakini siwezi kuandika kwamba zinanidanganya."

Hapa tuelewane mapema, maana majina haya yamewahi kuwachanganya hata majirani. Bi Mdogo ni lori. Ni kichwa cha lori la dizeli la kuvuta tela, rangi ya samawati, kioo cha upande mmoja kimefungwa kwa mpira. Bi Mkubwa ni mwanamke anayeliendesha. Aliyetoa majina yote mawili ni wifi yake, dada wa mume, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Siku moja alimwona kaka yake anatoka nyumbani alfajiri, akinyata, akasema, "Mwanamume anayemwacha mkewe kitandani kila siku kwenda kumpapasa mwingine, huyo ana mke wa pili. Wewe wifi ndiye Bi Mkubwa, na lile lililoegeshwa uwanjani ndilo Bi Mdogo." Mtaa mzima ulicheka, na majina yakaganda.

Mume mwenyewe walimwita Komanda. Aliendesha malori tangu ujana wake, na mkewe alikuwa utingo wake: kufunga turubai, kuweka mawe chini ya magurudumu, kuchungulia nyuma wakati wa kurudi kinyumenyume. Kila safari Komanda alikuwa na neno moja la kuanzia. Angekaa kwenye usukani, angejitengeneza, kisha angesema, "Haya, utingo, funga mlango." Baadaye macho yakaanza kuingia ukungu. Daktari alisema mishipa ya macho imekufa na haifufuki, leseni ikazuiwa, na utingo akahamia kwenye usukani. Watu walicheka mwanamke kuendesha dude kama lile, kisha wakachoka kucheka, maana mzigo ulikuwa unafika.

Komanda alibakiwa na kazi moja tu: kumwamsha Bi Mdogo. Kila alfajiri alipapasa ukuta wa mtaa mpaka kwenye uwanja wa kuegesha, akapanda, akawasha injini, akakaa nayo mpaka ikapata moto. Kisha alirudi nyumbani, akagonga mlango wa chumbani na kusema, "Mke mwenzio yuko tayari." Bi Mkubwa alikuwa anamalizia chai yake, anakwenda, anamkuta Bi Mdogo ana joto na heshima zake zote. Safari zote zilikuwa za kwenda na kurudi siku ile ile, kwa hiyo hakuwahi hata siku moja kumsikia akiamka.

Sasa ugonjwa. Kwa miezi kadhaa Bi Mdogo alikuwa anakosa nguvu. Tambarare anakwenda vizuri, mlimani na mzigo anatetemeka na kuomba gia ya chini, na dizeli anainywa kana kwamba ameambiwa kesho haitakuwepo. Kiwanda kilikwishakiri kwamba nozeli za malori ya toleo lile zinachoka mapema, kikaongeza muda wa dhamana kwa nozeli peke yake. Masharti yalikuwa mawili. Injini isiwe imefunguliwa na fundi wa nje, na mkaguzi wa karakana hii, wakala wa kiwanda, aushuhudie ugonjwa kwa macho yake. Na muda wenyewe wa nyongeza ulikuwa unaisha leo. Geti la karakana likifungwa jioni, dhamana nayo imefungwa.

Bi Mkubwa alishakuja hapo mara mbili na kurudishwa na maneno yale yale: gari ni zima. Mwenye mizigo alikuwa amemwambia waziwazi kwamba lori likifia tena mlimani asirudi kuomba safari. Na nozeli za gari lile si karanga za kununua njiani. Bila dhamana dawa ilikuwa moja, kumuuza Bi Mdogo kwa mtu wa vyuma chakavu, ambaye tayari alikuwa akipita uwanjani na kumpigapiga ubavuni kama anayechagua mbuzi. Bi Mkubwa alilijua hilo usiku na mchana, hata pale aliposimama kutukana injini.

Akapiga simu nyumbani. Hakupiga kwa sababu alitarajia msaada, alipiga kwa sababu hasira ikikosa pa kwenda huenda kwa mume.

"Amekataa!" alisema kabla ya salamu. "Yupo hapa ananguruma kama paka. Binti anasema mzima. Komanda, gari letu ndio linaondoka hivyo!"

Upande wa pili Komanda akasema polepole, "Mzima vipi? Na kile kikohozi?"

"Kikohozi gani?"

"Cha asubuhi. Kila nikimwasha anakohoa. Anagonga, ko-ko-ko, moshi mweupe unajaa mpaka naunusa, mwili wote unatetemeka. Mpaka apate moto ndipo anatulia."

Bi Mkubwa aliitoa simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na leo?"

"Leo ndiyo usiseme! Leo nilifikiri hawaki kabisa. Nilimbembeleza mpaka jasho likanitoka. Nikasema anakwenda kwa watu, lazima aondoke safi."

"Baba watoto!" Bi Mkubwa alipiga ukelele, mafundi watatu wakageuka. "Yaani mgonjwa namleta hospitali, kumbe wewe umeshampa dawa nyumbani! Panda pikipiki uje hapa. Sasa hivi! Mchukue na dada yako, usije ukagonga nguzo."

Alimwendea mkaguzi mbio, kandambili zinapiga sakafu. Alieleza kwa mikono na kwa mdomo, alikohoa yeye mwenyewe kuonyesha Bi Mdogo anavyokohoa, mpaka fundi mkuu, mzee mnene mwenye kitambaa cha mafuta begani, akaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alichukua kalamu sikioni akaigonga kwenye meno yake.

"Nozeli zinavuja," alisema. "Injini ikilala, dizeli inadondoka ndani. Ikipata moto inafichika. Mama, hii inawezekana kabisa! Zima gari."

Bi Mkubwa alizima.

"Sasa sikiliza. Lazima ipoe, ipoe kweli. Na tutaiwasha mara moja tu. Tukiwasha ikiwa bado ina joto itajipasha upya, na mpaka geti lifungwe haitapoa tena. Nafasi ni moja."

"Moja inatosha," alisema Bi Mkubwa, akirudisha kitambaa chake kichwani.

Mkaguzi alileta kipima joto chake, kile cha kuelekeza kama bastola, akakielekeza kwenye injini, akasoma, akakunja uso. Jua lilikuwa limeanza kuunguza bati la banda. Injini ya lori ni jiwe la jikoni, ikishika moto haiuachii upesi. Fundi mkuu aliamuru kabini ilalishwe mbele ili injini ipate hewa, bila kugusa hata nati moja. Lakiri ya kiwanda, ule muhuri wa kuonyesha injini haijafunguliwa, ilikuwa pale pale, nzima, na mkaguzi aliipiga picha.

Komanda na dada yake walifika mchana wakiwa wamebanana nyuma ya dereva wa pikipiki, wifi ameshika hotipoti la chakula juu ya kichwa cha kaka yake.

"Wifi yangu!" alianza hata kabla ya kushuka. "Nimesikia mke mwenzio amejifanya mzima mbele ya watu. Wake wadogo ndivyo walivyo. Nyumbani hoi, ugenini mapambo!"

Mafundi walicheka. Bi Mkubwa hakucheka. Alimshika mumewe mkono, akampeleka pembeni ya pipa la oili chafu ambako hakuna mtu, akasimama mbele yake karibu sana, ili hata kwa macho yale aone kwamba kuna mtu amekasirika.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miezi yote hii mimi nasukumana na mlima, nageuka kichekesho barabarani, wewe unajua ugonjwa ulipo na umenyamaza! Mara mbili nimekuja hapa nikarudishwa kama mwongo. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Komanda, usinichezee leo."

Komanda alipapasa mpaka akaupata ukingo wa pipa, akauegemea. Sauti iliyomtoka haikuwa ya ukomanda tena.

"Ningekwambia, ungempeleka kwa fundi. Angepona. Gari zima unageuza ufunguo linawaka, halihitaji mtu wa kulibembeleza. Sasa akipona, mke wangu, mimi niamke kufanya nini?"

Bi Mkubwa alikuwa ameandaa maneno makali, tena mengi. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuficha maradhi ya gari. Aliona aibu na huruma na hasira vyote pamoja, akashindwa kuchagua.

"Tutaongea nyumbani," alisema. "Kama gari litakuwepo."

Waliporudi bandani, mkaguzi alikuwa anapima tena, na watu wamemzunguka. Kazi nyingine zilikuwa zimesimama. Aliyekuwa chini ya basi alitoka chini ya basi, aliyekuwa anaziba tairi aliiacha tairi. Kuna mambo mtu haoni kila siku, na karakana nzima inayoomba gari liharibike ni mojawapo.

"Bado," alisema mkaguzi. "Ina joto sana. Kwa mwendo huu hatufiki."

"Tumwagie maji!" alisema mmoja.

"Thubutu!" Komanda aliruka. "Ukimwagia maji chuma cha moto kinapasuka, kisha waseme ni sisi tumeua injini. Hakuna maji hapa!"

"Hapo amesema kweli," alisema fundi mkuu. "Lakini hapa tulipo bati linatupika. Kule kwenye sehemu ya kuoshea kuna kivuli na upepo unapita."

"Basi tumpeleke."

"Kwa kumwasha?"

Wifi akaweka hotipoti lake chini, akajifunga kanga kiunoni, akatema mate mkononi. "Kwani nyie mikono ni ya kulia ubwabwa tu? Sukumeni!"

Jamani! Bahati tela lilibaki uwanjani. Waliirudisha kabini mahali pake wakaifunga, Bi Mkubwa akapanda kwenye usukani, na watu wakapanga mstari nyuma na ubavuni, mafundi, waosha magari, dereva wa pikipiki ambaye hakuwa amelipwa bado na hakutaka kukosa, hata mteja mmoja mwenye suti ambaye alivua koti. Mlinzi wa geti alikuja kuuliza kuna nini, akajikuta anasukuma.

"Haya! Moja, mbili, twende!"

Hakusogea.

"Amegoma, ana mimba?" wifi alipiga kelele. "Tena! Moja, mbili, twende!"

Magurudumu yalilia, yakageuka kidogo, yakageuka tena. Bi Mdogo alianza kutembea. Bi Mkubwa aliushika usukani kwa mikono miwili na kifua, maana injini ikiwa imezimwa usukani ule unakuwa mzito kama kuzungusha jiwe la kusagia. Na breki za lori ni za upepo. Injini ikizimwa, upepo uliobaki ndio huo huo, kila ukikanyaga unapungua, na ukiisha magurudumu yanajifunga yenyewe na hapo hata jeshi halisukumi. Jicho lake lilikuwa kwenye mshale wa upepo. Ulishuka. Alikanyaga mara moja kukwepa ukuta, ukashuka zaidi. Komanda alikuwa anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye mlango, sikio limeinuliwa.

"Usikanyage tena!" alipaza sauti. "Nasikia upepo unavyotoka. Umebakiwa na mkanyago mmoja. Mwache aende, mwache, mwache... Kata kushoto! Sasa mshike!"

Alimshika. Bi Mdogo alisimama kivulini, pua yake hatua chache tu kutoka kwenye tangi la maji, na watu wakapiga vigelegele na miluzi kama wamefunga goli. Mwenye suti alikuwa na mafuta mpaka kwenye tai, na alikuwa anacheka kuliko wote.

Bi Mkubwa alishuka, akamgeukia mumewe. "Umejuaje upepo umebaki kiasi gani?"

"Nimesikia," alisema Komanda, kana kwamba ameulizwa jina lake.

Kabini ililalishwa tena. Fundi mkuu alivuta feni kubwa ya kukaushia rangi, ikawekwa mbele ya injini. Wifi alipepea kwa kanga upande wa pili, akimsema Bi Mdogo kwa mambo yote aliyowahi kuyafanya na mengine ya kubuni. Ufunguo aliutumbukiza kifuani, maana alimwona kijana wa tairi akiunyemelea.

"Nataka kujaribu kidogo tu, shangazi," alisema yule.

"Jaribu kumwasha mama yako! Ufunguo huu utatoka hapa siku mkaguzi atakaposema."

Walikula wamesimama. Mkaguzi alipima, akasema bado. Alipima tena, bado. Kila alipoinua kile kibastola watu walinyamaza, na kila aliposhusha waliguna. Kivuli kilirefuka, kikalivuka tangi, kikapanda ukutani. Mlinzi wa geti alirudi kwenye lindo lake, na baada ya muda wakaanza kusikia funguo zake zikigongana. Bi Mkubwa alikuwa anazunguka lori, anasimama, anazunguka tena. Aliona uwanja wa kuegesha ukiwa mtupu, na Komanda amekaa kitandani alfajiri, macho wazi, hana pa kwenda.

Mkaguzi alipima kwa mara nyingine. Alisogea karibu, akapima upande wa pili, akaweka kiganja kwenye chuma.

"Imepoa," alisema, na sauti yake ilipanda juu bila yeye kutaka. "Imepoa! Shusheni kabini. Nani anawasha?"

"Mimi," alisema Bi Mkubwa, kisha akajizuia. Alimtazama mumewe. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwasha Bi Mdogo akiwa baridi. "Hapana. Awashe mwenyewe wa kila siku."

Wifi aligeuka ukutani, akautoa ufunguo. Komanda alipanda taratibu, mguu ukijua ngazi ilipo. Alikaa. Bi Mkubwa alipanda upande wa utingo na kumwinamia.

"Usimbembeleze. Usingoje taa ya kupasha joto, usimkanyagie mafuta. Mgeuze tu, basi, awake alivyo."

"Watu wote hawa," alisema Komanda kwa sauti ndogo. "Kumwaibisha mbele ya watu wote hawa."

"Mwaibishe, mume wangu. Mwaibishe apone."

Mkaguzi alisimama mbele na simu yake imeinuliwa, anarekodi. Kule getini nusu moja ya geti ilikuwa tayari imefungwa.

Komanda aligeuza ufunguo.

Injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Ilizunguka tena, nzito, watu wakijipinda mabega pale walipo kana kwamba wanaizungusha wao. Kisha ikashika. Ikanguruma. Laini, safi, kama asubuhi ile ile.

Feni ilikuwa inavuma peke yake. Mkaguzi alianza kuishusha simu, polepole, na Bi Mkubwa akashika mpini wa mlango ashuke. Kwisha habari. Wamepoteza.

Komanda aliinua kidole kimoja.

"Msimwahi," alisema. "Bado anavuta pumzi."

Ko.

Ko-ko.

Ko-ko-ko-ko-ko! Kabini nzima iliruka. Kioo kilichofungwa kwa mpira kikaanza kupiga kelele, usukani ukatetemeka mikononi mwa Komanda, na nyuma bomba likapasua moshi mweupe, mzito, wa kunukia dizeli mbichi, ukameza tangi, ukameza feni, ukammeza wifi na kanga yake. Bi Mdogo alikohoa kikohozi cha miezi yote ile, alikohoa bila haya, alikohoa mpaka njiwa wakaruka juu ya bati!

"Anakohoa!" Bi Mkubwa alipiga ukelele. "Anakohoa! Jamani, anakufa! Asante!"

"Imenasa!" Mkaguzi alikuwa anarukaruka na simu yake, koti jeupe likipepea. "Imenasa yote! Funga geti, fungua geti, fanya unavyotaka, imenasa!"

Fundi mkuu alikumbatiana na mwenye suti. Wifi alitokea kwenye moshi akiwa mweupe kope na midomo, akacheza mduara akiimba kwamba mke mdogo amefumaniwa. Mlinzi wa geti aliacha funguo zikining'inia kwenye kufuli, akaja kucheka na wenzake.

Komanda peke yake hakushangilia. Alikuwa ameweka kiganja kwenye dashibodi, anaisikiliza mitetemo ikipungua kadiri injini ilivyopata moto. "Pole," alimwambia Bi Mdogo. "Pole sana."

Bi Mdogo alilazwa karakana. Walimfungia nozeli mpya zote, kwa dhamana, na siku Bi Mkubwa alipokwenda kumchukua alipanda naye mlima mrefu wa barabara kuu bila kushuka gia hata moja. Aliimba njia nzima. Mwenye mizigo alimpa safari ya kesho yake kabla hajamaliza kuomba.

Kesho yake alfajiri Komanda aliamka kama kawaida. Alinyata, akafungua mlango, akapapasa ukuta wa mtaa. Hakujua kwamba safari hii mkewe hakuwa amelala, na kwamba alikuwa anamfuata kwa nyuma, viatu mkononi.

Bi Mkubwa alisimama kando ya tela akasikiliza. Alisikia mlango, alisikia kiti kikilia, alisikia mumewe akisema, "Umeamkaje, bibi." Kisha ufunguo. Injini ilishika papo hapo, hata kabla hajaondoa mkono kwenye ufunguo. Hakuna kugonga, hakuna moshi. Komanda aliiacha ingurume kidogo, akaizima. Alikaa mle ndani, mikono juu ya usukani, hana cha kufanya.

Bi Mkubwa alivaa viatu, akaenda akafungua mlango wa dereva.

"Sogea."

Komanda alishtuka. "Yuko tayari. Hahitaji kitu. Ngoja nishuke."

"Nimesema sogea. Sijasema shuka."

Hakuelewa, lakini alisogea, akavuka lile sanduku la gia mpaka kwenye kiti cha upande wa pili. Alikipapasa. Hakuwahi kukikalia, maana enzi zake kilikuwa cha mkewe, utingo wake.

"Wewe umesikia upepo wa breki mimi nautazama na siujui," alisema Bi Mkubwa, akijitengeneza kwenye usukani. "Umesikia nozeli zinavuja kabla ya kompyuta ya watu. Na mimi nimeendesha miezi yote ile kiziwi, masikio nimeyaacha nyumbani kitandani. Sirudii kosa hilo. Ukisikia chochote useme. Ukinificha tena nakushusha njiani, utarudi kwa miguu."

"Na nikikusikia wewe ndiye unayegonga?"

"Utanibembeleza. Si kazi unaijua?"

Komanda alicheka, kicheko kilichoanzia mbali, kikamtoka na machozi ndani yake, akayafuta kwa mkono wa shati wala hakuyaona haya. Bi Mkubwa aligeuza ufunguo. Bi Mdogo aliitikia.

"Haya, utingo," alisema, "funga mlango."